Wifi na Kinasa Sauti Chake

Kwetu Likoni bibi harusi huonywa habari za mawifi kabla hajaonywa habari za mume. Nami nilionywa. Ila shangazi zangu, pamoja na ujuzi wao wote, hawakuwahi kufikiria wifi wa namna niliyemkuta Magwagwa. Hakagui sufuria, haulizi mbona kaka yake amekonda, hapekui kabati. Yeye hukaa kwenye kigoda jikoni, daftari mapajani, akihesabu mama yake amesema "sisi" mara ngapi.

Ni kitinda mimba wa nyumba hii, na anasomea shahada ya uzamili ya saikolojia katika chuo kimoja cha Nairobi. Likizo ya Agosti alishuka kwenye bodaboda kutoka Ikonge akiwa na begi la mgongoni, kompyuta, vinasa sauti viwili vya kuingia kiganjani, rundo la fomu za ridhaa, na kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia mambo ya sayansi. Mama mkwe alipoona kibali kina nembo ya serikali alikichukua kwa mikono miwili, akakibandika ukutani sebuleni, katikati ya kalenda na picha ya harusi yetu. Wifi alijaribu kueleza kwamba atakihitaji mkononi kila aendapo. Hakusikilizwa. Kibali kilibaki pale ukutani, na sehemu kubwa ya mikasa iliyotupata imetoka hapo.

Magwagwa, kwa asiyeifahamu, iko kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vinavyoteremka hadi Mto Sondu. Ukivuka mto uko Kericho. Ni nchi ya mahindi, migomba na ng'ombe wa maziwa, na ya udongo mwekundu ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa kwenye soksi zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kijiji kizima huniita Mwalimu, hata mama mkwe akinikasirikia. Boma letu lina nyumba ya wazee, nyumba yetu, na jiko moja la kuni ambalo wanawake wa nyumba zote mbili hulitumia. Hilo jiko ndilo litakalosemwa zaidi hapa.

Usiku wa kwanza, baada ya ugali, wifi alitueleza kilichomleta. Anachunguza ustahimilivu wa nafsi: kwa nini watu wawili wakipatwa na balaa moja, mmoja huanguka asiinuke na mwingine huyumba kisha akasimama. Wenzake wengi huwapa watu dodoso. Liko lile la Connor na Davidson la mwaka 2003, lenye vipengele 25, mtu anajipa alama kutoka 0 hadi 4, kwa mfano kama huinuka haraka baada ya shida. Yeye anataka kusikiliza maneno yenyewe. Akatutajia profesa wa Texas, James Pennebaker, ambaye mwaka 1986, pamoja na Sandra Beall, alichapisha jaribio la wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walionekana mara chache zaidi kwenye zahanati ya chuo katika miezi iliyofuata. Baadaye Pennebaker na wenzake wakatengeneza programu ya kompyuta inayoyagawa maneno mafungu: ya huzuni, ya furaha, ya kutafuta sababu, na yale madogo madogo ya "mimi" na "sisi". Yaonekana madogo hayo ndiyo yasiyojua kuficha siri. Mtu mwenye sonona husema "mimi" kupita kawaida.

Akatutajia pia masista 180 wa Kikatoliki wa Marekani. Walipokuwa wasichana waliandika historia fupi za maisha yao, zikawekwa kwenye makabati ya watawa. Miongo kadhaa baadaye watafiti wakazisoma, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba wale ambao maandishi yao ya ujana yalijaa maneno ya furaha waliishi miaka mingi zaidi.

Mama mkwe, aliyekuwa akiondoa vyombo, alisimama.

"Masista hao," aliuliza, "nani alikuwa akiwapikia?"

Wifi aliandika swali hilo kwenye daftari. Mimi nilicheka, lakini nakiri kwamba tangu siku ile kila nikisoma utafiti wa furaha ya watu fulani najikuta nataka kujua jiko lilikuwa mikononi mwa nani.

Kwa nini Magwagwa? Kwa sababu ya 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuhamisha mamia ya maelfu, hadi mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Wagusii, wenyeji wa huku, waliokuwa Molo, Nakuru, Eldoret na kwenye mashamba ya chai ya Kericho walirudi kwa malori na kwa miguu. Picha za magazetini zilikuwa za mahema. Lakini wengi waliorudi huku hawakuliona hema: waligonga mlango wa ndugu, wakafunguliwa, wakalala. Wifi alikuwa mtoto wa shule wakati huo, na nyumba hii iligongwa. Mimi niliolewa baadaye. Miaka yote sikuwahi kusimuliwa kisa hicho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nikiangushiwa vipande tu: "blanketi hilo ni la mwaka ule", "usimweke huyo mzee karibu na yule, hawajasemezana tangu mwaka ule".

Sasa uvumi. Haukuanzishwa na mtu mbaya. Wifi alianza kazi kwa jirani wa mpakani, mama mtu mzima, akampa fomu ya ridhaa kama maadili ya utafiti yanavyotaka. Fomu ina mstari wa jina, mstari wa sahihi na mstari wa tarehe. Mtu wa hapa akiona karatasi yenye mistari ya namna hiyo hujua ni orodha, na orodha zina historia. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ikawa inatoa Sh10,000 za kuanzia maisha, na Sh25,000 kwa waliobomolewa au kuchomewa nyumba. Fedha zilifuata makambi. Waliojisitiri kwa ndugu wengi waliandikwa kwa kuchelewa, wengine hawakuandikwa kabisa, na tangu hapo kila anayekuja na karatasi hupokelewa kama aliyekuja kurekebisha kosa lile. Juu ya hayo kuna bwawa. Bwawa la umeme la Magwagwa kwenye Mto Sondu limekuwa likipangwa kwa miaka na miaka; mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60, chini huko kuelekea ziwani, umejengwa na unafanya kazi, letu lingali kwenye michoro. Mtu ambaye shamba lake limo ndani ya mchoro hapandi mti wa kudumu bila kujiuliza mara mbili, na hapitwi na mgeni mwenye kompyuta.

Jirani aliigeuza fomu, akauliza, "Hii ni ya 2008 au ya bwawa?"

Wifi, kwa uaminifu wa kisomi, akajibu, "Hapana, mama. Hii ni ya ustahimilivu."

Jirani akaelewa kwamba imetoka ya tatu.

Jumatatu asubuhi nilipofungua mlango nikampigie ng'ombe hodi, nilikuta watu wameketi chini ya mparachichi. Wengine walikuwa na bahasha. Mzee mmoja alikuwa na faili ya plastiki yenye barua zote alizowahi kuiandikia serikali, na nakala za majibu, ambazo zilikuwa chache. Kijana ninayemjua kwa mbio zake kwenye uwanja wa shule alikuwa amekuja na mkongojo. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo walivyoongezeka, wakaingia sebuleni mmoja mmoja kutazama ile nembo ukutani, wakatoka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mume wangu alitazama hali, akachukua jembe, akakumbuka palizi katika shamba la mbali kabisa tulilonalo.

Mgeni hawezi kuondoka nyumba ya mama mkwe bila chai. Hiyo ni sheria, na haijali idadi. Tulichemsha chai kwenye sufuria ya matanga. Sukari ya mwezi iliisha kabla ya saa sita, tukakopa dukani. Maziwa ya ng'ombe wetu yaliisha kabla ya hapo, tukanunua kwa yule yule jirani wa mpakani, ambaye uvumi wake ulikuwa umeanza kumletea faida. Vikombe havikutosha, watu wakanywa kwa zamu. Nilikuwa likizo ya shule, likizo ambayo nilikuwa nimepanga kulala.

Ndani, wifi alikuwa akiteseka kwa namna yake. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Wakati ule mgumu, ni nini kilichokusaidia kuvumilia?"

"Mimi sikuvumilia hata kidogo," alijibu mzee wa faili. "Andika hivyo. Na hadi leo sijavumilia."

"Lakini nyumba umejenga, mzee, na watoto umesomesha."

"Kwa uchungu."

Ilikuwa hivyo kutwa nzima. Watu walioziinua familia zao kutoka kwenye majivu walikaa kwenye kiti kile wakakana kila nguvu waliyonayo. Ustahimilivu, katika hesabu yao, ulikuwa kosa la kukuondoa kwenye orodha. Alipowasomea yale maswali 25, walijipa sifuri kwa zamu. Mama mmoja mwenye duka, ng'ombe wanne na binti chuo cha ualimu alipata alama ndogo kuliko wote, akatoka nje akijipongeza kwa macho. Na waliozoea semina walikuwa na ugonjwa wa upande wa pili: walisema kile ambacho mashirika yaliwafundisha kusema. Mara tumepata uponyaji, mara tumesonga mbele, mara tumewezeshwa. Maneno yalikuwa yamepigwa pasi. Wifi angeweza kuyakusanya yote kutoka kwenye bango la warsha bila kupanda bodaboda.

Sitaki kuwacheka watu hao, ingawa tulicheka. Mtu aliyeandikishwa mara nyingi na kulipwa mara chache hujifunza lugha ya orodha, kwa sababu ndiyo lugha ambayo angalau mara moja ilileta Sh10,000.

Usiku wifi aliingiza mahojiano kwenye kompyuta, nami nikaajiriwa bila mshahara kuyaandika, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Hapo tatizo la pili likajitokeza. Programu ya Pennebaker ilizaliwa katika Kiingereza, ambamo "mimi" hutembea peke yake, na kompyuta inamwona akipita. Katika Kiswahili na Ekegusii "mimi" huingia ndani ya kitenzi, akawa silabi moja mlangoni. Mtu anaweza kusimulia maisha yake yote kwa nililia, nilikimbia, nilianza upya, asitaje "mimi" hata mara moja. Matokeo ya usiku wa kwanza yalionyesha kwamba Magwagwa hakuna mtu. Wifi akakaa siku kadhaa kuifundisha kompyuta kuvikata vitenzi. Kisha akagundua kwamba wazee walipochanganya lugha, programu ilikuwa ikimhesabu "baba" kuwa mzazi wa kiume, ilhali kwa Ekegusii baba ndiye mama. Kwa mujibu wa kompyuta, watoto wa Nyamira wote walinyonyeshwa na wanaume. Hakuna aliyewahi kuiandalia Ekegusii kamusi ya kazi hiyo. Hata mkusanyiko mkubwa wa AfriSenti wa mwaka 2023, wenye maandishi ya hisia katika lugha 14 za Afrika, una Kiswahili lakini hauna lugha ya mama mkwe wangu.

Jioni moja, katika kumfariji, nilimwomba atusomee kitu kilichokamilika. Akatusomea juu ya Wamarekani 1,084 walioandika shajara kwenye intaneti kabla na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Maneno ya huzuni yalipanda ghafla, watu wakawataja wenzao zaidi, wakaanza kuandika kwa kujiweka mbali na tukio. Baada ya wiki 2, hali zao za moyo zilikuwa zimerudi mahali pake.

"Wiki mbili?" alisema mama mkwe. "Sisi wiki mbili tulikuwa bado tunahesabu watoto."

Ikawa kimya kidogo, kisha akamtuma mjukuu akafunge kuku.

Mjukuu huyo, mwanangu wa pili, ndiye aliyefanya yaliyofuata. Ana miaka sita, na kinasa sauti kilimpendeza kwa sababu kina taa nyekundu. Siku umati ulipokuwa mkubwa kuliko siku zote, alikichukua kimoja mezani, akabonyeza, taa ikawaka, akakining'iniza kwa kamba yake kwenye msumari wa jikoni juu ya kapu la mboga ili gizani papendeze. Kisha akasahau, kama watoto wanavyosahau.

Wageni walipoondoka walibaki wanawake wanne kutusaidia kuosha vikombe na kuchambua mgagani, ambao hapa huitwa chinsaga na huliwa baada ya kulala kwenye maziwa. Mimi nilikuwa nje nikisuuza. Jikoni walikuwa mama mkwe, shangazi wa mume wangu aliyekimbia Molo, jirani wa mpakani, mama mwenye duka, na mwingine ambaye, kwa sababu zitakazoeleweka, nitamwita yule wa tano.

Wifi aliusikia mnaso ule usiku wa manane, alipokuwa akitafuta sauti ya mzee wa faili. Aligonga dirisha letu. Nilitoka na leso mabegani, tukaketi kitandani kwake, sikio moja langu, sikio moja lake.

Kwanza waliigiza. Shangazi alimwiga kijana wa mkongojo, akasahau ni mguu upi. Mama wa duka alijiiga mwenyewe akijipa sifuri. Kisha jirani akasema, "Lakini maharagwe yale," na wote wakacheka kabla hajamaliza, na hapo kisa kikaanza, mimi nikikisikia mara ya kwanza tangu niolewe.

Usiku ule wa Januari 2008 shangazi alikuwa na maharagwe motoni. Lori lilipopiga honi alikuwa na nafasi ya kubeba kitu kimoja zaidi ya watoto, na godoro lilikuwepo, na cherehani ilikuwepo. Alibeba sufuria ya maharagwe, kwa sababu yalikuwa hayajaiva na yeye hajawahi kuacha chakula nusu. Aliishika mapajani njia nzima, mchuzi ukimwagika kwenye miguu ya watu. Alipofika boma hili usiku wa pili hakusema pole wala salamu, alimwambia mama mkwe, "Nipe kuni." Wakayamalizia kupika jikoni humu. Yaligawiwa watu ishirini na zaidi, na hadi leo kuna ubishi kama yalikuwa na chumvi. Shangazi anasema alikwisha kuitia Molo. Mama mkwe anasema chumvi ni yake.

Halafu yakafuata ambayo hakuna dodoso lingeyapata. Watoto walilazwa kitandani kwa upana badala ya urefu, ili waenee. Wavulana walipelekwa ghalani. Choo kilikuwa kimoja, na foleni yake ilizaa uadui ambao baadhi yake bado uko hai. Wanawake wawili hawakusemezana tangu palizi hadi mavuno kwa ajili ya leso iliyoanikwa kwenye kamba isiyo yake. Chama chao cha mzunguko, kile ambacho leo kina viti vya kukodisha na hema, kilianzishwa kwa sababu mama mkwe aliwalazimisha kila mmoja kuweka Sh20 kila wiki kwenye kopo moja, wasipotaka kusemezana wasemezane na kopo. Na kila mtu alikuwa akidakia sentensi ya mwenzake. Mmoja anaanza, wa pili anasahihisha, wa tatu anacheka, wa nne anamalizia.

Ndipo yule wa tano, kwa sauti ya mtu aliyezama kwenye mazungumzo, akasema kwamba yeye Sh10,000 zile alizipata, na kwamba alikuwa hajawahi kukanyaga Molo maishani mwake. Alikuwa hapa hapa. Alijiandikisha kwa jina la mahali alipowahi kusikia mashemeji wakitaja. Kimya cha nukta mbili, kisha kicheko ambacho kilitufanya tuondoe vipokea sauti masikioni.

Wifi alizima. "Wifi," akaniambia, "hii ndiyo tasnifu yangu yote. Na siruhusiwi kuigusa."

Hakuwa anatia chumvi. Hakuna aliyetoa ridhaa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 haijui habari ya mtoto na taa nyekundu, na kamati ya maadili ya chuo chake ingejua hata kidogo zaidi. Asubuhi mume wangu, ambaye palizi ilikuwa imemwishia, alitoa hukumu: futa. Mama mkwe aliuliza kinafutwa nini. Tulipomweleza, alisema hakuna kitakachofutwa kwenye jiko lake kabla yeye hajakisikia.

Kwa hiyo waliitwa tena wote watano, na chai ikapikwa tena. Tatizo lilikuwa baba mkwe. Yeye ni mwenye boma, na alitangaza kuwa atasikiliza. Lakini kuna ensoni, ile haya na heshima inayotenganisha vizazi, na zaidi ya yote mkwe na mke wa mwanawe: kuna maneno ambayo mimi na yeye hatuwezi kuyasikia tukiwa chumba kimoja, na mnaso ule ulikuwa nayo mengi, hasa pale walipofika kwenye foleni ya choo. Wazungu wawili, Robert LeVine na Barbara LeVine, waliishi Gusii miaka ya 1950 na kitabu chao cha Nyansongo cha mwaka 1966 kimeyaeleza haya kwa makini; wifi anacho, kimejaa vipande vya karatasi. Suluhu iliyopatikana haimo kitabuni. Baba mkwe alikwenda kumfunga ng'ombe nyuma ya ukuta wa jiko, na ng'ombe yule alichukua muda mrefu sana kufungika.

Wakasikiliza. Nilidhani wataona haya, walikosoana. "Hapo umeruka." "Lori halikuwa jekundu." Ubishi wa chumvi uliinuka upya kwa nguvu kuliko ule wa kwenye mnaso, na wifi, bila kujizuia, akanyoosha mkono kutafuta kinasa cha pili. Mama yake alimpiga kofi la kiganja. Sauti ya yule wa tano ilipofika mahali pake, wote walitazama vikombe.

"Sauti hiyo si yangu," alisema yule wa tano.

"Si yako," alikubali shangazi aliyetoka Molo kweli, ambaye orodha zote zilimpita. "Ni ya yule mwanamke mwingine aliyekuwa hapa."

Wanne walitia sahihi. Wa tano hakutia, na wifi alimwahidi kukata kila neno lake. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwani ukimwondoa yeye wengine hubaki wakijibu hewa na kucheka bila sababu, na kompyuta huandika hapo kwamba hisia chanya zimepanda. Ndiyo maana likizo yangu iliyobaki niliimalizia kwenye kuandika na kukata.

Nina shaka zangu, na nilimwambia. Jikoni "tu" imejaa: tulilala, tulikula, tulianza. Msimamizi wake huko Nairobi ameipenda mno, anaiona ni nyumba wanayojihifadhia. Mimi niliyeiandika kwa mkono naona pia kwamba watu huhamia kwenye "tu" pale ambapo "ni" ingewaweka matatani. Leso "tuliianika". Kuku wa jirani "tulimla". Na "ni" hutoka kwa kiburi pale mtu anapodai sifa: chumvi niliitia mimi. Wifi ameniahidi tanbihi. Mama mkwe hataki tanbihi; ameuliza jina lake litakuwa ukurasa upi, na alipoambiwa kwamba profesa hushukuriwa kwanza, alileta hesabu ya sukari.

Chini ya mparachichi bado huja mmoja mmoja kuuliza ya tatu imefikia wapi. Naibu wa chifu amemwomba mume wangu nakala ya orodha, kwa ajili ya faili tu. Na jana jioni baba mkwe aliingia sebuleni amevaa koti la kanisani, kitambulisho mkononi, akaomba fomu. Anataka kunaswa peke yake, kesho baada ya kukamua, wanawake wakiwa sokoni. Yeye alikula maharagwe yale, asema, na hayakuwa na chumvi kabisa.